Ng'ombe wa Ubaoni

Wiki iliyopita jirani yangu alikata mpera uliokuwa umeinamia ukuta wetu, na harufu ya tawi bichi ikaingia jikoni nikiwa nakatakata vitunguu. Mkono wangu wa kushoto ukajifunga wenyewe. Sikuuamuru. Mwanamke mzima, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, nikasimama mbele ya sinki nimekunja ngumi kama mtoto anayeficha peremende. Wenzangu waliosomea kwingine labda wakisikia neno asilimia wanakumbuka chaki. Mimi nakumbuka mpera, kwa sababu kwetu Mpanda asilimia zilifundishwa kwa mpera.

Tulikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani, na hisabati tulifundishwa na Mwalimu Laurenti. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, shati lake limenyooshwa pasi mpaka mikono imekuwa na makali. Aliamini kwamba swali la maneno halifundishiki kwa maneno. Kila asubuhi alijaza ubao kwa maswali ya mitihani ya zamani, ya uwiano na asilimia: ndugu waliogawana shamba, tangi lililovuja, mifugo iliyokufa. Tukayafanya, tukabadilishana madaftari, tukasahihishana. Baada ya hapo ndipo somo lilipoanza. Viboko tulileta wenyewe, kila Jumatatu kwa zamu, vya mpera, vimechubuliwa vizuri. Ukileta kilichokauka, kinajaribiwa kwako.

Dawati lilikuwa la watu watatu, na Mwalimu Laurenti hakumchapa mwanafunzi, alilichapa dawati. Makosa yetu watatu yalijumlishwa, yakazidishwa kwa mbili, hapo vikapatikana viboko vya dawati. Halafu tulitakiwa kusimama na kuvigawa wenyewe kwa uwiano wa makosa yetu.

"Dawati la dirishani!"

"Viboko kumi na viwili, mwalimu, kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa tatu."

"Gawa."

"Viwili, vinne, sita, mwalimu."

"Sita ni vya nani? Usijifiche nyuma ya mwenzako. Njoo na mkono wako."

Na darasa zima lilihesabu kwa sauti moja, kama kwaya ya kanisani. Moja! Mbili! Tatu! Asiyehesabu aliitwa mbele. Aliyekosea kugawa aliongezewa viwili nje ya uwiano, ambavyo sisi tuliviita bakshishi.

Nilikuwa chuo kikuu, kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nilipogundua kwamba mahesabu yale yote yalikuwa ya bure. Ukijumlisha makosa, ukazidisha kwa mbili, halafu ukayagawa kwa uwiano wa makosa yaleyale, kila mtu anarudi palepale: kosa moja, viboko viwili. Angeweza kutuchapa bila kupitia huko kote. Mzunguko wote ule ulikuwa wa kutufanya tusomeane hukumu kwa vinywa vyetu. Nilicheka kwa sauti, mpishi akadhani nacheka maharage yake, akaninyima mchuzi.

Lakini wakati ule niliiamini hisabati kuliko nilivyoamini chochote. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba asilimia mia ni kitu chote, hakuna kinachobaki nje yake. Basi nikajua kwamba hata maumivu yana mia yake, na mtu akiifikia, vinavyofuata havitauma tena. Nilikuwa nikinyoosha mkono huku nakadiria: ishirini, arobaini, hamsini na tano. Sikuwahi kufika. Kila nilipokaribia, mia ilisogea mbele kidogo, na mimi nikarudi dawatini nikipuliza viganja na kujilaumu kwamba nilikuwa nimekadiria vibaya.

Dawati letu lilikuwa la mimi, Deusi na Minza. Deusi alitoka Ikola, ziwani, akawa anakaa kwa mjomba wake jirani na duka la baba yangu pale Majengo. Mjomba aliuza dagaa, na Deusi alinuka dagaa hata akitoka kuoga. Minza alitembea kutoka Kakese. Baba yake alikuwa amehama na ng'ombe kutoka Usukumani, wakapita mapori yote yale mpaka kwetu, na watoto wa mjini walikuwa hawajamsamehe kwa hilo.

"We Minza," Deusi alimwambia siku za mwanzo, "eti kwenu ng'ombe wanalala ndani, nyie mnalala zizini?"

"Kweli," Minza akajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana mimi nanuka maziwa. We unanuka nini?"

Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Minza alikuwa mkali wa hesabu kutuzidi wote wawili. Uwiano wa mashamba, asilimia za magunia, alimaliza wakati mimi bado natafuta rula. Alitaka sekondari kwa namna iliyonitisha. Baba yake alikuwa ameshamwambia: ukifaulu utakwenda, ukifeli utarudi kuchunga, na mimi sitakuuliza tena. Kwa hiyo sikuelewa kwa nini kila palipotokea swali la ng'ombe aliruka. Aliacha nafasi tupu, safi, kama uwanja uliofagiliwa. Na mitihani ya taifa, ukiangalia ile ya zamani, ilipenda sana ng'ombe. Mwanzoni nilidhani analiogopa neno lenyewe kwa sababu linamkumbusha kazi za nyumbani. Mimi mwenyewe niliona kichefuchefu kila swali lilipotaja kupima sukari, kazi yangu ya dukani kwa baba.

Siku moja, viganja vikiwa vimetuvimba sote, Deusi akamuuliza.

"Hivi unachotaka ni nini? Swali jepesi lile. Mbona umeruka?"

"Ng'ombe hawahesabiwi."

"Nani kasema?"

"Baba. Jioni wakirudi anakaa mlangoni anawatazama. Anawajua kwa rangi. Yule mwenye doa, yule wa majivu, yule mweusi mwenye mkia mweupe. Akikosekana mmoja anajua ni nani. Lakini idadi hasemi. Ukitaja idadi umewaita wafe."

"Hao ng'ombe wa ubaoni, Minza! Ni chaki!"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

Deusi akafikiri. Alikuwa mtu wa suluhisho. "Basi ukikuta ng'ombe, wewe fanya ni dagaa. Dagaa wanahesabika?"

"Dagaa hata wakifa hakuna anayelia."

"Tena wote wameshakufa. Asilimia mia."

Tukacheka mpaka tukaitwa mbele.

Mpango ukakubalika. Asubuhi iliyofuata, kama kwa makusudi, swali la kwanza ubaoni lilikuwa hili: mfugaji alikuwa na ng'ombe 240, asilimia 35 wakafa kwa ugonjwa, je walibaki wangapi? Nilimwona Minza akivuta pumzi, akainama, akaandika. Nilifurahi kama aliyeshinda ni mimi. Na Minza, ambaye hakujua kudanganya hata kwenye karatasi, aliandika jibu lake kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha: *Walibaki dagaa 156.*

Mwalimu Laurenti alilisoma jibu lile kimya. Kisha akalisoma kwa sauti. Darasa likaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomponza Minza, kwa sababu mwalimu alidhani kimepangwa.

"Njoo hapa, mwanadagaa."

Akaenda.

"Soma swali."

"Mfugaji alikuwa na..." Akanyamaza.

"Alikuwa na nini?"

Minza akaitazama ndoo ya viboko.

"Mkono."

Tukaanza kuhesabu, maana ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mwanzoni tulipiga kelele kama kawaida. Mwalimu alichapa, akauliza, akachapa. Ng'ombe wangapi walikufa? Kimya, fimbo. Wangapi? Kimya, fimbo. Minza hakuvuta mkono. Aliutazama kama wa mtu mwingine. Fimbo ya kwanza ikapasuka kwenye ncha, mwalimu akachukua ya pili kutoka kwenye ndoo. Mahali fulani kwaya ikaanza kuharibika. Wavulana wa nyuma wakaacha, kisha wasichana, kisha Deusi akaweka kichwa juu ya dawati akaziba masikio. Fimbo ikaanza kuangukia vidole badala ya kiganja, kwa sababu kiganja kilikuwa kimeanza kushuka chenyewe. Kidole cha mwisho kikapinda upande ambao vidole havipindi. Damu ikadondokea kwenye sakafu ya saruji, matone madogo, na mwalimu akasogeza kiatu chake kisichafuke.

Mimi niliendelea kuhesabu. Si kwa sauti. Sikujua jinsi ya kuacha.

"Themanini na nne," Minza akasema mwishowe.

"Themanini na nne nini?"

"Ng'ombe."

"Wamefanya nini?"

Alitazama dirishani, upande wa Kakese.

"Wamekufa."

"Umeona?" Mwalimu Laurenti akasema kwa upole, anahema. "Umeona kumbe unajua?"

Aliirudisha fimbo ndooni, akafuta jasho kwa leso iliyonyooshwa pasi, akaendelea na swali la pili.

Halafu ng'ombe wa Kakese wakaanza kufa.

Watu wazima walisema ni ndorobo, wale nzi wa porini wanaoambukiza mifugo, na kwamba wafugaji wa kuja hawakujua maeneo ya kuepuka. Mimi nilijua ukweli. Nilikuwepo uliposemwa. Kila Minza alipofika asubuhi, kidole chake kimefungwa kitambaa cha kanga, hakusema lolote, ila Deusi alimuuliza kwa macho naye akainamisha kichwa, nikajua mwingine ameanguka. Mwenye doa. Wa majivu. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo tunaelekea wapi, na nilijua tunaelekea themanini na nne.

Hisabati ikawa jambo la kutisha kuliko fimbo. Nikatambua kwamba miaka yote ile tulikuwa tunaua watu na mifugo ya watu, tunavujisha matangi ya watu, tunachoma maghala, maswali kumi kila siku kabla ya uji. Nikaamua kuacha. Swali likisema kuku asilimia ishirini walikufa, niliandika kwamba walibaki wote. Swali likisema mfanyabiashara alipata hasara, nilimfikiria baba yangu dukani Majengo na kofia yake ya kufuma, nikamwandikia faida. Makosa yangu yakapanda mpaka dawati letu likawa la kwanza kwa viboko shuleni. Nilichapwa kwa ajili ya kuku nisiowajua na sikumwambia mtu. Niliona ni wajibu wangu. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa mtu mwema kiasi kile, na nilikuwa nimekosea kabisa.

Baba yake Minza alikuja siku ya joto, katikati ya kipindi. Tulimsikia kabla hatujamwona, sandali zake za matairi zikiburura kwenye kokoto. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka begani, koti zito juu yake, fimbo ya kuchungia mkononi. Hakubisha hodi.

"Ni wewe?" akamuuliza Mwalimu Laurenti.

"Mzee, shikamoo. Hapa ni darasani. Ofisi iko—"

"Ni wewe uliyemtajisha mwanangu?"

"Nilimfundisha hesabu, mzee. Ng'ombe wako wana ugonjwa. Muone bwana mifugo."

"Bwana mifugo alikuja," baba yake Minza akasema. "Naye akahesabu."

Kisha akampiga. Fimbo ya kuchungia si tawi la mpera. Ililia begani kwa mwalimu kama mlango uliobamizwa, mwalimu akaenda na ubao, ubao ukaanguka na maswali yake yote. Alipoinuka alikuwa ameshika fimbo yetu ya Jumatatu, akampiga mzee usoni, shavu likapasuka, na mzee hakuonekana kulijali shavu lake hata kidogo. Wakashikana. Ndoo ya viboko ikapinduka. Madawati ya mbele yakaanguka na wenye madawati, watoto wengine wakaruka nje kupitia madirisha, na mimi nikabaki nimekaa. Walimu wengine walikuja mbio wakaishia mlangoni. Mdomo wa Mwalimu Laurenti ulikuwa unatoka damu, shati lake limechanika begani, na mzee alikuwa amembana ukutani kwa fimbo iliyolala kooni.

"Nyoosha mkono."

Mwalimu Laurenti akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wenye vumbi la chaki, na ulitetemeka vilevile kama yetu. Hilo lilinishangaza mno. Nilikuwa nimedhani watu wazima wana mikono ya aina nyingine.

"Minza," mzee akasema bila kugeuka. "Ng'wanone, mwanangu. Alikupiga vingapi? Taja, nimrudishie vyake."

Minza alikuwa amesimama katikati ya madawati yaliyoanguka. Sote tukamtazama. Nilitaka ataje. Nilitaka ataje vyote, na ikibidi azidishe kwa mbili.

"Sikuhesabu, baba."

"Nini?"

"Wewe ulinikataza. Vya kwetu havihesabiwi."

Mzee akageuka. Shavu lake lilikuwa linadondosha damu kwenye kola ya koti. Akatutazama sisi tuliobaki, mmoja mmoja, kama anayekaa mlangoni jioni kuangalia nani amerudi.

"Nyie. Mlikuwepo. Vingapi?"

Darasa lililohesabu kila kiboko cha mwaka ule kwa sauti ya kwaya likanyamaza. Deusi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nayo idadi mdomoni. Minza akanitazama. Nikaimeza.

Mkono wa mwalimu ulikuwa bado umenyooshwa, hakuna aliyemwambia aushushe. Kisha mzee akautazama ubao uliolala sakafuni na maandishi yake.

"Hao ng'ombe wako wa humu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama anayeuliza habari za safari. "Wana rangi gani?"

"Rangi?" Mwalimu Laurenti akameza mate yenye damu. "Hawana rangi, mzee. Ni... ni idadi tu."

"Hakuna mwenye doa?"

"Hapana."

"Mweusi? Wa majivu?"

"Hapana, mzee. Hakuna."

Mzee akaiondoa fimbo kooni mwa mwalimu.

"Sasa hao ni ng'ombe wa nani?" akauliza, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akajijibu mwenyewe. "Si wa mtu." Akafuta shavu kwa ncha ya shuka. "Umemvunja mwanangu kidole kwa ng'ombe wasio wa mtu."

Akatoka. Walimu wa mlangoni wakampisha. Minza hakumfuata. Aliinamisha mgongo, akaanza kuokota viboko vilivyotapakaa sakafuni, akavirudisha ndooni kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.

Tukiwa tunarudi nyumbani nilimwambia kwamba amekuwa na huruma kupita kiasi, kwamba mimi ningemtajia baba yangu kila kimoja. Nilidhani nampa sifa.

Akaniangalia kama mtu anayemtazama ndama mjinga. "Zuhura, huruma gani? Baba angemvunja yule, wangenifuta jina. Mtihani ningefanyia wapi? Zizini?"

Nisiwadanganye: Mwalimu Laurenti hakuacha kuchapa. Baada ya bega kupona alirudi kwenye uwiano wake, dawati kwa dawati, na kwaya ikarudi kuhesabu. Badiliko lilikuwa moja, nalo hakulitangaza. Maswali ya ng'ombe aliendelea kuyaandika, maana mtihani ungekuwa nayo, ila akifika kwa Minza alipita. Hakuhitaji kupita. Minza alikuwa anayajibu sasa, yote, haraka, kalamu imeshikwa kwa vidole vitatu kwa sababu cha mwisho kilikuwa kimegoma kukunjika. Huko Kakese ng'ombe waliacha kufa baada ya mzee kuwahamishia upande mwingine wa bonde. Hawakufika themanini na nne. Hilo nalo lilinivuruga, na ndipo nilipoanza kuwaachia kuku wa maswali wafe zao.

Mtihani wa taifa ulikuwa na swali la ng'ombe. Tulipotoka, Deusi alikuwa tayari analalamika kuhusu tangi fulani, mimi nikamshika Minza kiwiko.

"Ulilijibu?"

"Nililijibu."

"Hukuogopa?"

"Nililisoma mara mbili," akasema. "Hawakutaja rangi."

Alifaulu. Alipangiwa shule ya mbali, akaondoka na sanduku la bati juu ya lori la mahindi, baba yake amekaa juu ya magunia pembeni yake, kovu la shavuni linang'aa kwa jasho. Nami nilifaulu pia, kwa kiwango ambacho baba yangu alikiita cha kutosha, kisha akaingia dukani kuhudumia wateja. Leo nikiona dukani bango la punguzo la asilimia thelathini, natafuta mtu wa kumuuliza itakuwa ngapi.

Jioni ya siku ile ya mpera, mwanangu aliyekuwa anafanya kazi ya shule mezani alinikuta nimekunja ngumi, akataka kujua. Nikamsimulia, nikipunguza damu. Watoto wa siku hizi wanapenda takwimu.

"Sasa mama, ile siku alimchapa vingapi?"

Nikarudi kwenye vitunguu. Idadi ninayo hadi leo, kamili, haijapungua hata kimoja. Sikumtajia.